Dole Gumba Lenye Mate

Ndugu zangu wa kisiwa chetu cha Leyte, hapa Ufilipino, na ninyi wa mbali mnaonisikia, kaeni kitako. Mimi ni Kulas, mkausha mbata. Shule niliishia darasa la nne, lakini jambo hili nalijua kuliko wakubwa wa wizara.

Jumamosi ile ilikuwa tulivu. Nilikuwa nikivunja nazi uani. Binti yangu Senda, mwenye miaka saba, amechuchumaa akipanga vizibo vya chupa, vyekundu kwa vyekundu, bluu kwa bluu, akivuma kama nyuki aliyeshiba. Senda hasemi. Siku hiyo alikuwa na furaha, nami nikafurahi, jambo lisilonipata sana tangu mke wangu Marilou afie kwenye zahanati isiyo na daktari.

Mara akaingia Bibi Puring, mama yake mkuu wa kijiji. "Hee, binti amekua!" Akalowesha dole gumba kwa mate, akampaka tumboni.

Desturi yetu mnaijua: ukimsifu mtoto wa watu, mpake mate, usimwachie kijicho, lile jicho baya linalougua watoto. Senda akapiga ukelele, akajigonga kichwa chini.

"Umeona? Kijicho kimeshamwingia!" Bibi akaongeza mate.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Akipakwa, analia; akilia, anapakwa. Kijiji kizima kilimtibu mtoto ugonjwa ulioletwa na dawa yenyewe. Na muuguzi wa zahanati? Alikuja akitaka, akatupima uzito kama nguruwe wa sokoni, akaondoka.

Nikampeleka shule. Mwalimu mkuu, Bwana Teodulo, hata kitini hakuinuka.

"Mzee Kulas, huyu hatumpokei. Hatuna mwalimu mwenye cheti cha elimu maalumu."

"Basi mleteni."

"Kaombe wizarani."

"Wizarani nani ananijua mimi?"

"Hakuna."

"Sasa nitaomba kwa nani, kwa Mungu?"

Mwalimu Evangelyn wa darasa la kwanza alikuwa mlangoni, akasikia. Wiki hiyo hiyo akajiandikisha mafunzo ya mtandaoni ya kuongeza cheti hicho. Wakubwa walikuwa wameshaamuru kila shule iwe na mwalimu wa namna hiyo. Amri ilikuja kwa gari lenye kiyoyozi. Mtandao haukupanda gari hilo. Ikabidi Evangelyn akae benchi la duka la Nena, penye mashine ya intaneti ya kutumbukiza sarafu, ubavuni mwa wanywa tembo na mashine yao ya kuimbia.

"Mwalimu, bado unasoma tu? Utazeeka ungali mwanafunzi!" alimtania Dodong mgema.

"Afadhali mimi, kaka. Wewe umezeeka ukiimba, na wimbo wenyewe bado hujaujua."

Alichojifunza Jumamosi, alikileta uani kwangu Jumapili baada ya misa.

"Kaka Kulas, Senda hakupatwa na kijicho. Wapo watoto ambao kuguswa tu kunawachoma kama moto. Asiguswe asipotaka."

Akampa kadi za picha: maji, chakula, choo, na kiganja kilichoinuliwa, maana yake "basi." Ya maji Senda aliishika upesi. Ya kiganja hakuwahi kumpa mtu.

Ukaja mtihani. Mwalimu amfundishe mtoto mmoja palepale dukani, mkufunzi akitazama kwenye simu kutoka mjini. Akishindwa, hakuna cheti. Hakuna cheti, Senda anabaki uani. Bwana Teodulo alisimama pembeni, mikono nyuma. Dodong akachomoa waya wa mashine ya kuimbia bila kuambiwa na mtu.

Senda alipanga vizibo vyake. Akaomba maji kwa kadi, akapewa, akanywa. Mkufunzi akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Mjukuu wangu! Macho yote haya juu yako? Kijicho hicho!"

Bibi Puring, na dole limeshalowa. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza. Nikainuka, watu wakanibana. Senda akavuta pumzi. Nikasema moyoni, ukelele huo, na shule imekwenda.

Hakupiga ukelele. Alipapasa zile kadi, akaichagua ya kiganja, akamtia bibi mkononi.

"Nini hiki?"

"Inasema basi, bibi," nikamjibu.

Bibi Puring akamtazama mtoto, akalifuta dole kwenye sketi. "Haya, mama, basi. Si ungeniambia?"

"Alikuwa anakuambia, bibi," akasema Mwalimu. "Kwa zile kelele."

Vifijo vikalipuka. Senda akaziba masikio, na watu, jamani, watu wale wale, wakanyamaza ghafla wakawa wanapunga mikono juu bila sauti. Na mkufunzi naye, ndani ya simu, akapunga.

Evangelyn alifaulu. Shule zilipofunguliwa, Senda aliingia darasani. Bwana Teodulo akataka apigwe naye picha ya kupeleka wizarani, akanyoosha mkono amshike bega. Akapewa kadi.

FUNZO

Mtoto akilia, ulizeni kwanza kinachomuumiza, kabla hamjamrundikia dawa. Jirani yako akisoma, hata akiwa na umri wa mama yako, zima kelele zako asome. Na ninyi wakubwa, msitume amri kabla ya kutuma waya wa intaneti: mwalimu huyu si kazi yenu, ni kazi ya benchi la Nena.

Nanyi wazazi mnaowafungia watoto ndani kwa aibu, fungueni milango. Mwalimu tunaye.