Mafuta ya Nazi Kwenye Injini ya Baba

Kila asubuhi, baba yake akirudi msikitini, Mize hufungua boneti ya gari. Huchomoa kile kijiti kirefu cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakitumbukiza tena, kisha akakisoma. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mama yake. Tangu mama afariki, imekuwa ya Mize, ingawa ana miaka kumi na miwili tu. Gari hilo ndilo linalowalisha. Baba yake, Bwana Usi, huchukua wageni kwenye hoteli ya Kendwa na kuwaleta mjini. Injini ni kongwe, inakula oili kama mtu anayefuturu.

Jumamosi moja Mize aliamka na jambo moyoni. Jana yake, yeye na binamu yake Rukaiya, aliyekuja kuwatembelea, walikuwa wakicheza rede uani. Mpira ukalipiga dumu la oili ambalo kifuniko chake hakikukazwa, oili yote ikamwagika. Jikoni palikuwa na chupa kubwa za mafuta ya nazi ya nywele, aliyoyapika na kuwaletea mama yake Rukaiya.

"Kwani mafuta si mafuta tu?" alisema Rukaiya. "Yote yanateleza."

Wakayamimina kwenye dumu. Asubuhi ile kijiti kilitoka karibu kikavu, naye Mize akatia lita mbili nzima. Alipopima tena, kilionyesha kimejaa.

"Vipi, mwanangu?" aliuliza baba.

"Ipo, Baba."

Waliondoka watatu. Rukaiya alikuwa anarudi kwao Mangapwani, Mize anamsindikiza, na baba anakwenda Kendwa kuwachukua wageni saa tano. Walipopita Bububu, injini ilianza kugonga. Tak, tak, tak. Mwanzo iligonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kisha ikagonga kwa nguvu, kama askari.

"Nini tena hiki?" Baba alizima redio. "Mashimo haya! Wakubwa wanapita na magari ya miguu mirefu, hawayaoni. Sisi ndio tunaovunjikiwa."

Mize aligeukia dirishani. Rukaiya alimbana ubavuni na kumnong'oneza, "Usiseme! Ukisema tumekwisha."

Baba alisimama kwenye kibanda cha fundi Mbarouk, kando ya barabara.

"Shikamoo, fundi," walisema wasichana.

"Marahaba. Mbona nyuso zimepauka? Mmeona shetani?"

Fundi alipima oili. "Imejaa tele," alisema, akakirudisha kijiti. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini na mpini akautia sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. "Washa, Bwana Usi. Haya, piga resi!"

Tak-tak-tak-tak! Mize aliziba masikio. Kila resi ilimchoma yeye.

"Zima! Kunalia juu huku," alisema fundi, "lakini oili ipo, na belti nzima. Basi pengine petroli chafu. Wanaolipwa kukagua wamelala. Na hii harufu ya vitumbua inatoka wapi?"

"Labda kwa jirani," alisema Rukaiya haraka.

"Jirani yangu anauza matofali."

Baba alitazama saa. "Hoteli walishaniambia, nikichelewa tena wanatafuta dereva mwengine. Nifanyeje?"

"Kama ni petroli, nenda nayo. Ikipungua, utie nyengine mahali pengine."

Baba aliingia garini, akashika ufunguo. Mize akaliona akilini gari limekufa njiani, linakokotwa kwa kamba, na baba yake amekaa barazani bila kazi. Alimwogopa baba. Lakini ule ufunguo aliuogopa zaidi.

"Baba, usiwashe!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwengine. "Ile si oili. Nliimwaga oili jana, nkatia mafuta ya nazi."

Fundi alichomoa kijiti tena, akanusa, akasugua tone kwa vidole. "Lahaula! Bwana Usi, injini yako imekuwa kikaango!" Hakuna aliyecheka. "Haya yakipata moto huwa mepesi kama maji. Vyuma vinasagana vyenyewe kwa vyenyewe. Kendwa usingefika."

Baba alishuka, akamjia Mize. Mize alifumba macho akingoja kofi. Halikuja.

"Mimi ndiye niliyesema yote yanateleza, Mjomba," alisema Rukaiya huku analia.

Fundi aliweka beseni chini ya gari, akafungua nati. Mafuta yakatoka mbio, mepesi, yananuka jikoni. Akaisafisha injini kwa oili nyepesi, akaimwaga nayo, akabadilisha chujio, akatia oili mpya. Adhuhuri iliadhiniwa, kazi haijakwisha. Baba alipiga simu hotelini. Wageni walikuwa wameshaondoka na dereva mwengine. Akaitia simu mfukoni, akarudi kumsaidia fundi.

"Washa," alisema fundi hatimaye.

Tak, tak. Mize alikamata mkono wa Rukaiya. Tak. Kisha mlio ukafifia, ikabaki ngurumo ya kawaida.

Fundi alisikiliza kwa bisibisi yake muda mrefu. "Imenyamaza. Umepona, bwana. Ungekwenda mbele kidogo tu, ungetafuta injini nyengine."

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu. "Mize!"

"Naam, Baba."

"Kumwaga oili si kosa kubwa. Kosa ni kuniacha nipande gari na wewe unajua. Fundi huyu ana sikio la miaka thelathini, lakini kuficha kwako kumemfanya kiziwi. Ndivyo wanavyofanya wakubwa. Wakiharibu wanafunika, halafu wanatwambia mambo shwari. Wao hawamo garini, tumo sisi. Nisikuone unaiga tabia yao. Ukikosa, sema mapema, kitu kingali kinatengenezeka."

"Nimekosa, Baba. Nisamehe."

"Nshakusamehe. Kesho nnakwenda Kendwa kuiomba kazi yangu. Utakuja na mimi, uwaeleze mwenyewe kwa nini sikufika."

Mize alimtazama baba yake usoni.

"Nitawaeleza, Baba. Yote."