Kadi ya Gesine

Kadi zaidi ya mia mbili za maneno zilimwagika sakafuni katika kituo cha treni cha Göttingen, saa ya watu kutoka kazini, na Gesine, koti lake la kijani likiburuzika vumbini, akapiga magoti kumsaidia kijana asiyemjua kuziokota. Alipomrudishia, alikuwa ameshazipanga kwa alfabeti.

"Dada, wewe ni mtu au mashine?" kijana huyo, Volkmar, aliuliza.

"Nafanya kazi kwenye kamusi. Ugonjwa huo hauponi."

Kumbe walikuwa jengo moja la chuo kikuu. Gesine alitunza kadi za kamusi kubwa, kila moja na mfano wa neno kutoka kitabu cha kale. Volkmar alisomea shahada ya uzamivu ya lugha, amezama katika kitenzi kimoja tu, *aufhören*, yaani kuacha. Ndani yake mna *hören*, kusikia, alimweleza wakila soseji za moto: hapo kale lilikuwa neno la mtu anayetega sikio, na akitega sikio kazi inasimama. Tasnifu yake ilidai kwamba maana ya kuacha ilianzia katika kitabu kimoja cha watawa. Punde wakachumbiana; akifaulu angepata kazi, nao wangeoana Pasaka.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa Volkmar wa kuitetea tasnifu, Gesine alikuta kadi iliyopotea. Mtu aliiweka kwenye droo ya kusikia badala ya droo ya *aufhören*. Mfano wake, wenye maana ya kuacha, ulikitangulia kitabu cha watawa kwa miaka sitini. Kwa mazoea ya ofisi aliandika pembeni tarehe na herufi za jina lake, ndipo alipoelewa alichoshika: ushahidi wa kuiangusha tasnifu ya Volkmar.

Volkmar alipiga simu. "Mpenzi, mbona kimya?"

"Nimechoka tu."

Akairudisha kadi kwenye droo ileile, akijidanganya kwamba hakuna atakayeifungua.

Profesa mtahini wa Volkmar aliifungua, akitayarisha maswali. Siku ya mtihani aliisoma kadi mbele ya wote. Volkmar akafeli.

Alimfuata Gesine ofisini, suti nyeusi imelowa mvua, kadi mkononi.

"Tarehe hii uliiandika wewe?"

"Ni mimi. Niliogopa utaumia."

"Wiki tatu, Gesine. Ningeiandika upya sura ile, hata kwa kutolala." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Gesine kuliko matusi. "Uliniona dhaifu, ukaniacha niende kuchinjwa."

Gesine aliomba msamaha akilia. Volkmar alimjibu kwamba bado anampenda, ila hawezi kuishi na mtu atakayemficha mambo kwa kumhurumia. Akaiweka kadi mezani, akaondoka. Pasaka ilimkuta Hamburg, akifundisha watoto tahajia.

Siku ile ya mvua, alipobaki peke yake, Gesine aliikausha kadi kwa leso, akaipeleka kwenye droo yake halali. Tarehe na herufi za jina lake hakuzifuta.