Mkebe Uliooshwa

Asubuhi moja ya mwaka 1974, huko Kharumwa, Chiku alikuwa akiosha vyombo vya maulidi ya jana. Kando yake kulikuwa na taa ya mgodini na mkebe wa kabaidi, mawe ya kuwashia taa hiyo, vitu vya kuazima kwa jirani yao Mzee Jilala, aliyewahi kuchimba dhahabu Geita.

“Virudishe, mwanangu, na utushukurie,” mama alisema.

Kwao, chombo cha watu hurudi kikiwa safi. Baba yake, Akida, alikuwa amekanya mkebe usiloe, lakini Chiku alidhani anaogopa kutu tu. Akayamwaga mawe ya kijivu yaliyokuwamo, akausugua mkebe kwa majivu, akausuuza. Kisha, bila kuukausha, akayarudisha mawe na kukigandamiza kifuniko. Adabu ilikuwa imempanda kichwani!

Mzee Jilala alikuwa chumbani kwake, dirisha limefungwa kwa sababu ya mafua.

“Shikamoo, babu. Baba na mama wanakushukuru.”

“Marahaba. Ona mkebe unavyong’aa! Binti wa Akida amefunzwa.”

Chiku alichekelea. Mara mkebe ukaanza kufyonya, na harufu kama ya kitunguu saumu ikaenea. Mzee, pua zikiwa zimeziba, hakunusa kitu. Akatia kiko mdomoni na kuchukua kibiriti.

Chiku akakumbuka maneno ya baba, na kwamba jana taa ilipowashwa ilinuka hivyo hivyo. Akikiri kosa, sifa zote zitageuka fimbo. Hata hivyo alipiga kelele, “Babu, usiwashe! Mkebe niliuosha, haukukauka!”

Mzee alikitupa kibiriti nje, akafungua dirisha, akaubeba mkebe hadi uwanjani, mbali na mafiga. Akageuza uso na kukilegeza kifuniko kwa kijiti. Kikaruka juu.

“Nisamehe, babu,” Chiku alilia. “Baba alinikanya.”

Mzee alikaa chini. “Mawe haya yakikutana na maji hutoa gesi, asetilini. Ndani ya taa maji hudondoka tone kwa tone, nayo gesi huwaka nyeupe, tukaona njia. Ikijaa chumbani, cheche moja inatosha. Mabula, rafiki yangu, alipofuka hivyo hivyo.”

Chiku aliingoja fimbo. Badala yake mzee aliushika mkono wake kwa mikono miwili.

“Wabeja, mwanawane. Asante sana. Ulikosa kwa kutosikia la baba yako, ukaniokoa kwa kusema kweli. Kosa likisemwa mapema, bado lina dawa. Leo nina macho yangu mawili kwa sababu ya mdomo wako.”

Chiku alishukuru kuliko mzee mwenyewe, kwa kuwa babu alikuwa bado hai kumpa shukrani hizo.