Gari Jeupe Mtaa wa Sikukuu

Hili lilimkuta rafiki yangu Rogath, mtu asiyejua kuongopa. Mchana wa jua kali, Kariakoo, aliegesha kigari chake kilichotoka Japani majuzi. Mkewe Joyceline akabaki ndani na uchungu wa uzazi, yeye akakimbilia kanga za kujifungulia. Kurudi, gari zima jeupe.

Akamfokea mbeba mizigo aliyesimama kando na magunia: "We kuli, mbona umenimwagia unga?"

"Gusa mwenyewe, bosi. Unga gani wa baridi hivi?"

Akapangusa kioo, kiganja kikafa ganzi. Mle ndani giza, Joyceline anatetemeka. "Twende, Baba Steven, mtoto anakuja."

Akaondoa gari. Waipa zikakwaruza theluji, kana kwamba wako kule Japani gari lilikotoka; matairi yakatafuna ile iliyorundikana chini. Kisha, kwenye kiti cha nyuma kisicho na mtu, mkanda ukavutwa taratibu, ukafungwa.