Nyayo Tano za Buluu kwenye Zulia la Bi Kidawa

Kaeni kitako. Mwenye andazi mdomoni ameze kwanza. Hadithi hii haitaki makombo.

Huko Tanga palikuwa na mtoto, jina lake Mwasiti. Miaka alikuwa nayo sita. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo. Maneno alikuwa nayo tele.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda. Humo mama yake alitengeneza batiki. Mabeseni ya rangi yalikaa chini: jekundu, la njano, la buluu.

"Pita pembeni, Mwasiti," Mama alisema kila siku. "Beseni si dimbwi."

Siku hiyo Mama alikuwa akiyeyusha nta jikoni. Nta haiachwi peke yake, inashika moto. Mama akaitazama nta. Mwasiti akalitazama beseni la buluu.

Hakupita pembeni. Alitaka kuruka. Moja... mbili... tatu...

CHUBWI!

Miguu yote miwili, ndani ya buluu.

Mwasiti akatoka mbio kwenda kujificha ndani. Ndala zikalia, chwa, chwa, chwa.

Mlangoni akasimama. Mwasiti ana adabu, haingii sebuleni na viatu. Akavua ndala. Akazipanga vizuri, ya kulia na ya kushoto. Akaingia peku.

Pwa! Pwa! Pwa! Pwa! Pwa!

Ndala zilibaki nje na adabu zao. Rangi iliingia ndani na vidole vyake.

Akageuka. Lo! Nyayo tano za buluu, juu ya zulia lenye rangi ya maziwa.

Na zulia lenyewe si lao! Lilikuwa la Bi Kidawa, jirani. Jana walikuwa na maulidi, wakaliazima. Leo alasiri mwenyewe anakuja kulichukua, naye ana wageni wake.

Bi Kidawa, ukimharibia kitu, hakuazimi tena hata sindano.

"Nitafuta haraka haraka," Mwasiti akasema. Akavuta kanga iliyokuwa kwenye kiti. Kanga nyekundu, mpya, haijaonja maji. Akailowesha. Akasugua wayo wa tano. Shwa! Shwa! Shwa!

Kanga ikachuja. Wayo haukuwa wa buluu tena. Ukawa wa zambarau. Na ukawa mkubwa kama sahani!

Mwasiti akakimbilia chupa ya maji ya moto.

"Wewe!"

Huyo ni Bibi Somoe, bibi yake. Amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Maji ya moto ni ya chai," akasema Bibi. "Rangi ukiipa moto inaota mizizi."

"Bibi, nilivua viatu!"

"Nimeziona ndala. Zimepangwa vizuri sana. Na miguu ungeivua pia."

Mwasiti akainama. Chozi likamlengalenga.

"Chozi halitoi rangi," Bibi akasema. "Nenda bombani, osha miguu. Kisha niletee maji baridi, sabuni, siki, na vitambaa vyeupe. Vyeupe, nimesema! Usiniletee kanga nyingine."

Mwasiti akaleta vyote. Bibi akaketi kwenye kiti.

"Magoti yangu yamestaafu," akasema. "Macho ninayo, mdomo ninao. Mikono ni yako. Haya!"

*Weka kitambaa. Bonyeza. Inua.*
*Usisugue, mwana wewe, usisugue!*

Mwasiti akaweka kitambaa chenye maji baridi na sabuni. Akabonyeza. Akainua. Kitambaa kina buluu!

"Bibi, imehamia huku!"

"Basi ihamishe tena. Upande safi. Anzia pembeni, uje katikati."

*Weka kitambaa. Bonyeza. Inua.*
*Usisugue, mwana wewe, usisugue!*

Wayo wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu ulikuwa mbishi, ukatiwa siki kidogo.

"Bibi, zulia linanuka achari."

"Hatuli ubwabwa nalo. Bonyeza."

Wa tatu ukatoka. Wa nne ukatoka. Mwasiti akacheza ngoma kidogo, pale pale, juu ya magoti.

Ukabaki wa tano. Ule wa zambarau. Ule aliousugua.

Akaweka sabuni. Akaweka siki. Akabonyeza mpaka vidole vikauma. Wayo ukagoma.

"Huo umeusukuma chini mwenyewe," Bibi akasema. "Uwekee kitambaa kinene chenye maji. Unataka uzito, na subira."

Mwasiti akakiweka. "Subira ninayo, Bibi."

"Tangu lini?"

Mara, ngo, ngo, ngo! "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ni Bi Kidawa!

Mwasiti hakufikiri. Akakaa. Tapu! Juu ya kitambaa, juu ya wayo wa tano.

Bi Kidawa akaingia, mrefu, kanga mbili, macho makali.

"Shikamoo, Bi Kidawa," Mwasiti akasema, amekaa.

"Marahaba. Siku hizi watoto wanaamkia wamekaa? Makalio yameota majani?"

Mwasiti akamtazama Bibi. Bibi akatazama dari.

Maji baridi yakapanda kwenye gauni.

Angeweza kusema tumbo linauma. Angeweza kusema mguu umekufa ganzi. Akafungua mdomo.

"Bi Kidawa, nimelichafua zulia lako. Nyayo tano. Nne zimetoka. Wa tano... wa tano nimeukalia."

Bi Kidawa akasogea karibu.

"Simama," akasema Bi Kidawa.

Mwasiti akasimama. Bi Kidawa akainama. Bibi Somoe akainama, na magoti yake yaliyostaafu. Wakakiinua kitambaa.

Kitambaa: zambarau!

Zulia: rangi ya maziwa!

Muda wote ule aliokaa, Mwasiti alikuwa akibonyeza. Na makalio yana nguvu kuliko mikono.

"Umetoka!" Mwasiti akapiga kelele. "Umetoka wote!"

Bi Kidawa akalipapasa zulia. Akalinusa.

"Linanuka siki."

"Jua la kutwa moja tu," Bibi akasema.

"Aa, leo nakaanga samaki. Hakuna atakayenusa."

"Utatuazima tena?" Mwasiti akauliza, sauti ndogo.

Bi Kidawa akamshika kidevu. "Mtoto anayeniambia kabla sijaona, namwazima hata kitanda changu. Shika huko, tubebe."

Mwasiti akageuka kushika zulia. Bibi akaangua kicheko. Bi Kidawa akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kwenye gauni jeupe, pale pale pa kukalia, palikuwa na doa la zambarau.

"Umebeba biringanya!" Bi Kidawa akasema.

Mwasiti akajipinda kutazama. Akacheka kuliko wote, na pengo lake la meno mawili.

Wakatoka uani na zulia. Mbele Bi Kidawa. Katikati zulia. Nyuma Mwasiti.

Na nyuma ya Mwasiti, biringanya.