Faili Ambalo Fundi Hakulifungua

Mafundi wa simu na kompyuta pale sokoni Lindi wana sifa moja mbaya, na mji mzima unaijua: ukiwaachia mashine yako, lazima wachungulie. Picha za harusi, barua, kila kitu wanapekua, halafu siku ya kuichukua wanakutazama kwa jicho la kujuana. Yasini peke yake hakuwa na tabia hiyo. Baba yake, mkulima wa korosho kule Likawage, alimlea kwa ukali juu ya vya watu, naye akajivunia hilo kuliko hata ufundi wake. Na ndilo lililomponza, maskini.

Sanober aliingia kibandani kwake asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu, watu wanapigana vikumbo kwenye meza za samaki. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau, kakumbatia kilaptopu kidogo cha dukani kwao. Baba yake ni mzee Sherali wa duka la vitambaa. Nyuma yake alikuja shangazi yake, Hawabai, ambaye hakumwacha atoke peke yake hata siku moja. Yasini akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamsogezea stuli.

Kilaptopu kilikuwa kinachukua muda wa kuivisha wali mpaka kiwake. Yasini akasema wengine wangewashauri wakitupe, ila yeye angekipiga Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ule mwepesi wa mashine za zamani.

"Kitakimbia?" Sanober aliuliza.

"Kitatembea. Kukimbia kimeshazeeka."

"Kama fundi wake," alisema binti, na Hawabai akakohoa.

Kazi ikala wiki tatu. Yasini alijaribu aina mbalimbali za Linux kwenye flashi kwanza, bila kugusa kilichomo. Ya kwanza ilikataa kabisa, prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa ya kizamani mno. Ya pili ikawaka lakini haikuona waifai. Kila iliposhindikana Sanober alirudisha mashine dukani, na jioni akapiga simu kuulizia lini akilete tena. Simu zikarefuka. Walicheka, wakataniana, Yasini akaanza kunyoa ndevu kila siku. Alimpenda, tena alimpenda hasa. Lakini kila alipotaka kusema aliyaona yale makabati ya vioo ya mzee Sherali, akaiona na miguu yake yenye vumbi, akageuza mazungumzo.

Hatimaye ikapatikana iliyokubali. Akamwambia Sanober akilete kesho yake. Angehamishia vitu vyake kwenye flashi, afute kila kitu, aweke Linux, kisha avirudishe. Na ndivyo alivyofanya. Kulikuwa na folda moja mpya. Aliinakili yote, akahakikisha mafaili yametimia, hakufungua hata moja.

Siku mbili baada ya kukichukua, Sanober alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Huna la kuniambia?"

Yasini alitaka kusema anampenda. Ulimi ukamsaliti.

"Usikizime ghafla tu."

"Haya, fundi," alisema Sanober. Siku zote alikuwa akimwita Yasini.

Tangu hapo simu za Yasini hazikupokelewa. Shabani ilipokwisha, sokoni wakasema binti Sherali kachumbiwa na Aun, kijana wa Dar. Akaolewa baada ya Idd.

Wiki ya harusi ile ile alikuja kibandani, hina bado mbichi mikononi. Hawabai alibaki nje. Sanober akaweka kilaptopu mezani, akasema anasafiri, mume wake amemnunulia kingine, hiki ampe atakayekihitaji. Yasini hakujua mikono aiweke wapi. Akafungua droo, akatoa flashi.

"Na nakala yako hii. Vipo vyote, sijagusa."

"Hujagusa?"

"Sisomi vya watu, Sanober. Unanijua."

Sanober akashika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka hata hakuyafuta.

"Soko zima wanapekua. Nikasema huyu naye ataona tu. Nilikuandikia wewe, Yasini."

Yasini akamuuliza kwa nini hakumwambia kwa mdomo.

"Shangazi kakaa pale pale. Na kwenye simu nilikuuliza. Ukaniambia nini?"

Hawabai akaita kutoka nje, Sanober akajifuta kwa mtandio, akaondoka.

Kilaptopu kiliwaka upesi, kazi yake mwenyewe. Akachomeka flashi. Barua ilikuwa ya mistari michache.

"Yasini, najua unasoma, mafundi ndiyo zenu. Watu wa Aun wanakuja mwisho wa Shabani. Nimemdokezea Baba jina lako. Hakukasirika, kasema kijana aje tumwone. Njoo kabla yao. Ukinyamaza nitaelewa."

Aliisoma mara tatu. Mlangoni alisimama mteja na laptopu yake kwapani, anauliza kama ni kweli kwa fundi huyu vitu vya mtu havichunguliwi. Yasini akachomoa flashi, akamsogezea stuli.