Abee, Mama

"We mtoto!" mama aliita kutoka chumbani.

"Nini tena?" fundi cherehani alijibu, huku anavaa viatu.

"Giza linaingia. Usichelewe."

Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Kuitika kwa adabu hakujui, na mama yake alishachoka kumrekebisha.

Simu yake ilikuwa imekata mtandao ghafla jioni hiyo. Alipofika kibandani, wakala wa laini alimkodolea macho.

"Dada, si umetoka hapa sasa hivi? Umesajili laini upya. Kidole kimekubali."

Fundi akakumbuka. Asubuhi kuna mtu alimpigia, sauti tamu, eti wa kampuni ya simu. Fundi akampa tarehe yake ya kuzaliwa na namba za siri zilizoingia kwa ujumbe. Yule mtu alipocheka kumuaga, alicheka... kwa sauti yake yeye fundi.

"Funga laini. Funga kila kitu!"

Akaweka kidole. Mashine ikakikataa. Akakigeuza kwenye mwanga.

Ngozi ilikuwa laini. Haina mstari hata mmoja.

"Ifunge hivyo hivyo! Uso wangu si unaujua?"

Wakala akaifunga.

Fundi alirudi nyumbani mbio. Mlango umekomewa. Harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi... Na ndani, mtu anaongea.

Kwa sauti yake.

"Mama, ni mimi! Fungua!"

"Usifungue, mama," sauti ilinong'ona ndani. "Mwizi huyo. Mimi hapa." Ikataja jina lake kamili, siku ya kuzaliwa, shule, hata tetekuwanga ya utotoni. Haikukosea kitu.

Hatua za mama zikasogea mlangoni.

Kisha mama akaita, taratibu. "We mtoto!"

"Abee, mama," ikaitika ndani.

"Nini tena?" fundi akafoka nje.

Mama akaangua kicheko. "Wangu hana adabu hiyo! Toka nyumbani kwangu, mwanaharamu wee!"

Dirisha likapiga ukuta. Upepo wa baridi ukapita. Mama akafungua mlango, pasi ya moto mkononi, machozi yanamtoka.

"We mtoto, kafunge dirisha."

Kabla fundi hajafungua kinywa, sauti yake ikajibu gizani nje, polepole:

"Nini tena?"

Fundi akaenda dirishani.

"Jifunze tu, mwizi mkubwa! Kesho naitika vingine!"

Akakaza komeo. Kisha akamwinamia mama yake, akamnong'oneza sikioni itikio jipya.

Nje, kitu kikasogea karibu na ukuta, kikatulia kusikiliza.